Klachi ya mguu, kompyuta au breki na mafuta: uchomoke vipi mstarini, na gia uzipige vipi?

Karatasi ya muda unayopewa baada ya kila mbio za dragi, yaani magari mawili kukimbizana kwenye njia iliyonyooka, ina namba nyingi, ila wengi hutazama mbili tu: sekunde za robo maili na spidi ya mwisho. Namba ya kuanza nayo ni ya futi 60, yaani mita 18 za mwanzo. Ukipunguza hapo sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa kawaida unavuna kati ya 0.15 na 0.2 ukifika mita 402, kwa sababu spidi uliyoiwahi mapema unaibeba njia nzima. Kuna watu wanafunga ekzosi mpya na chujio la hewa la bei mbaya kutafuta kiasi hichohicho.

Karatasi hiyo pia inakuonyesha kosa liko wapi. Spidi ya mwisho hueleza zaidi nguvu ya injini. Sekunde hueleza zaidi ulivyochomoka na ulivyobadilisha gia. Gari likimaliza kwa spidi nzuri huku sekunde zimebaki palepale, mwache fundi wa injini apumzike.

Njia za kuchomoka zinazoshindaniwa ni tatu: klachi ya mguu, kidhibiti cha kompyuta, na breki na mafuta kwenye gia otomatiki. Njia za kubadilisha gia nazo ni tatu. Kama gari unalo tayari, giaboksi yake imeshakuchagulia nusu ya jibu. Kama bado unatafuta gari, au unafikiria kubadilisha giaboksi, pima kwa mambo manne: futi 60 zinazowezekana, urahisi wa kurudia mbio ileile mara nyingi, gari linaumia kiasi gani, na utahitaji muda gani kuijua njia hiyo.

Mambo mawili ya kuweka sawa kwanza

La kwanza ni saa. Watu huchanganya muda wa kuitikia taa na muda wa mbio. Saa ya mbio haianzi taa ya kijani inapowaka; inaanza pale tairi la mbele linapoondoka kwenye mwali wa mwanga unaokatiza mstari wa kuanzia. Ukisinzia sekunde nzima baada ya kijani, sekunde zako za robo maili hazibadiliki hata kidogo, ila mwenzako ameshaondoka na ushindi. Kwa hiyo njia inayokupa sekunde nzuri si lazima iwe ndiyo inayokupa ushindi.

Hata unavyojipanga mstarini kuna athari. Taa mbili za kujipanga hukuonyesha umekaribia mstari, kisha umefika. Ukisogea polepole na kusimama mara tu taa ya pili ya kujipanga inapowaka, tairi lina nafasi ya kubingirika kidogo kabla ya kuuachia mwali, kwa hiyo gari linakuwa limeshapata mwendo saa inapoanza. Ukisogea zaidi hadi taa ya kwanza izimike, unaonekana mwepesi wa kuitikia, ila sekunde zinaharibika. Vyovyote utakavyochagua, simama palepale kila mara, la sivyo hutajua kilichobadilika ni wewe au ni gari.

La pili ni matairi. Hakuna njia kati ya hizi itakayokuokoa kama tairi halishiki. Tairi hushika vizuri zaidi likiteleza kidogo tu, kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Likipita hapo, unatoa moshi na muda unaenda nao. Matairi ya kipara ya mbio yanataka kuunguzwa kwanza kwenye maji hadi yapate joto. Matairi ya kawaida yenye kashata yapitishe pembeni ya maji, kwa sababu kashata hubeba maji hadi mstarini na kukulowanishia mahali unapotaka kushika, wewe na anayekuja nyuma yako. Yasafishe kwa kuyazungusha kidogo, basi. Upepo upunguze hatua kwa hatua kwenye magurudumu yanayosukuma, na andika kipimo kila mara.

Njia ya kwanza: klachi ya mguu

Unashika mizunguko ya injini mahali fulani, tuseme 4,000 kwa dakika, unaachia klachi hadi inapoanza kuuma, unaiacha iteleze kidogo gari linapoanza kusogea, kisha unaiachia yote huku mguu wa kulia unazidi kushuka. Kwa maandishi ni sentensi moja. Mguuni ni kazi ya chini ya sekunde mbili.

Futi 60. Ikifanywa vizuri, haidaiwi kitu na njia nyingine, hasa gari likiwa na matairi laini. Ikifanywa vibaya ndiyo mbaya kuliko zote. Gari la barabarani lenye matairi ya kawaida mara nyingi hupita futi 60 kwa sekunde 2.0 hadi 2.3, na pengo hilo karibu lote liko kwenye mguu wa kushoto.

Makosa ni mawili, na kila moja lina sauti yake. Ukiachia klachi ghafla mizunguko ikiwa chini, injini inazama: mshale unaanguka, gari linazubaa, kisha linajivuta. Mizunguko ikiwa juu mno, matairi yanazunguka bure na mshale unapanda bila gari kwenda popote. Dereva aliyezamisha injini mbio moja huongeza mizunguko 1,500 mbio inayofuata, akaunguza matairi, kisha akasema gari halieleweki. Badilisha 300 hadi 500 kwa wakati mmoja, na usiguse kitu kingine chochote, hata upepo wa matairi, mpaka uone karatasi inasema nini.

Aina ya gari inabadilisha mambo sana hapa. Linalosukumwa na magurudumu ya nyuma linasaidiwa na uzito unaorudi nyuma wakati wa kuchomoka. La magurudumu ya mbele linapata kinyume chake: uzito unayakimbia magurudumu yanayofanya kazi, kwa hiyo mizunguko iwe ya chini na klachi iteleze kwa muda mrefu zaidi. La magurudumu yote manne lina shida ya tatu. Matairi hayatelezi kirahisi, na lazima kitu fulani kiteleze. Kama si tairi, ni klachi. Ukiitupa klachi ghafla kwenye gari la namna hiyo, kisichoteleza kitakatika.

Kurudia. Ngumu. Klachi yenye joto huuma mahali tofauti na klachi baridi, na mguu uliochoka si mguu wa asubuhi.

Maumivu. Klachi ndiyo inayolipa. Harufu yake utaijua. Kuitupa ghafla ukiwa na matairi yanayoshika kunahamishia deni kwenye akseli, difu na meno ya gia ya kwanza.

Kujifunza. Ndefu kuliko zote, na haihamishiki vizuri kutoka gari moja kwenda jingine.

Kuna msaidizi wa katikati: kizuizi cha mizunguko kinachofanya kazi gari likiwa limesimama. Unakanyaga mafuta hadi chini, injini inang'ang'ania kwenye namba uliyoipanga, na ukiachia klachi kizuizi kinajitoa. Kwenye injini ya turbo kinasaidia pia kujaza msukumo wa turbo kabla ya kuondoka. Kinakupunguzia kazi ya mguu wa kulia. Wa kushoto bado ni wako.

Njia ya pili: kidhibiti cha kompyuta

Hii ipo kwenye magari mengi mapya yenye giaboksi ya klachi mbili, na kwenye baadhi ya otomatiki za kisasa. Unawasha mpangilio wake, mguu wa kushoto unakandamiza breki, wa kulia unakanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta inashika mizunguko, unaachia breki. Klachi inatelezeshwa na mashine, na tairi likianza kuzunguka bure nguvu inapunguzwa mara moja.

Futi 60. Nzuri sana kwa juhudi ndogo. Gari la magurudumu manne lenye mfumo huu linaweza kupita kwa sekunde 1.6 hadi 1.8 na dereva ambaye hajawahi kuona mstari wa mbio, jambo linalowauma watu wa klachi ya mguu, na wana haki ya kuumia. Udhaifu wake ni kwamba kompyuta imepangwa kwa barabara ya wastani. Kwenye njia iliyopakwa dawa ya kunata, mara nyingi inakuwa na hofu mno na kuondoka na mizunguko midogo kuliko ambayo matairi yangeweza kubeba. Magari mengine yanakuruhusu kupanga namba mwenyewe. Kama lako linaruhusu, anzia hapo kabla ya kununua kitu kingine.

Kurudia. Hapa ndipo inapotamba, mradi joto liko sawa. Mfumo ukipata moto, baadhi ya magari hukataa kabisa mpaka yapoe, na mengine huondoka kwa unyonge bila kukwambia.

Maumivu. Mashine inajilinda, ila msukosuko kwenye akseli na klachi upo palepale. Soma kitabu cha gari ujue mtengenezaji anasema nini kuhusu kuurudia mfululizo.

Kujifunza. Utaratibu unaushika siku ya kwanza. Kinachobaki ni kuchelewa kwake: kati ya kuachia breki na gari kuondoka kuna kipande kidogo cha muda, na usipokijua utachelewa taa kila mbio huku sekunde zako zikiwa nzuri.

Njia ya tatu: breki na mafuta

Gia otomatiki ya kawaida haina klachi ya kuachia. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, chombo kilichojaa mafuta kinachoruhusu injini izunguke gari likiwa limesimama. Na haikai bure: gari linapoanza kuondoka, konveta huongeza nguvu ya msokoto, karibu maradufu, kisha nyongeza hiyo inapungua spidi inavyopanda. Ndiyo maana otomatiki nzito zenye nguvu huchomoka vizuri kuliko zinavyodhaniwa.

Unakandamiza breki kwa mguu wa kushoto, unapandisha mizunguko kwa wa kulia, kisha unaachia na kukanyaga. Mpaka wake ni breki zenyewe: mizunguko ikifika mahali fulani, magurudumu ya nyuma yanaanza kuzisukuma na gari linatambaa kwenye mwali.

Magari yaliyojengwa kwa mbio yanavuka mpaka huo kwa transbreki. Ndani ya giaboksi, gia ya kwanza na ya kurudi nyuma zinashikwa kwa pamoja, gari linajifunga. Dereva anakanyaga mafuta hadi chini, ameshika kitufe. Akikiachia, gia ya kurudi nyuma inatoka na gari linaruka.

Futi 60. Kwa breki ya mguu, ya wastani hadi nzuri, ikitegemea konveta yako inaruhusu mizunguko mingapi. Kwa transbreki, konveta ya mbio na matairi ya kipara, inacheza na bora kabisa.

Kurudia. Nzuri sana, na hii ndiyo sababu otomatiki zimejaa kwenye mashindano ya kutabiri muda, ambapo dereva hutaja sekunde zake kabla ya mbio.

Maumivu. Joto. Konveta ikizungushwa gari limesimama inachemsha mafuta ya giaboksi kwa sekunde chache tu, kwa hiyo pandisha mizunguko mwishoni kabisa, si wakati mwenzako bado anajipanga. Usiijaribu transbreki kwenye difu na akseli za kawaida.

Kujifunza. Fupi.

Sasa gia

Hapa maneno ni machache, isipokuwa kwa njia moja.

Kuachia mafuta, kukanyaga klachi, kuingiza gia, kurudi kwenye mafuta: njia ya kawaida inachukua kama nusu sekunde kwa dereva wa kawaida. Gia tatu kwenye robo maili ni sekunde moja na nusu ambayo injini haisukumi. Gari linaendelea kubingirika, kwa hiyo hasara kwenye karatasi ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Faida yake: giaboksi inaishi. Mtu anayerudi nyumbani na gari lilelile asiione aibu.

Kupiga gia bila kuachia mafuta ni haraka zaidi. Mguu wa kulia unabaki chini, klachi inaguswa kwa kasi, mkono unapiga gia, basi. Kuna mifumo inayokata moto wa injini kwa kitambo klachi inapokanyagwa, na hiyo inaipunguzia giaboksi adhabu. Bila mfumo huo, unailipa kwa sinkronaiza, vile vipete vinavyolinganisha spidi ya gia kabla hazijaingiana. Ila hofu kubwa zaidi ni gia isiyo sahihi. Chukua giaboksi yenye uwiano wa 3.20, 1.90, 1.30 na 1.00. Uko gia ya tatu, mizunguko 7,000, unavuta kuelekea ya nne, mkono unakwenda kombo na kuingia ya pili. Magurudumu sasa yanailazimisha injini izunguke 7,000 mara 1.90 gawanya kwa 1.30: zaidi ya 10,200. Kizuizi cha mizunguko hakikuokoi, kwa sababu kinachokata ni moto, na hapa kinachozungusha injini si moto. Valvu zinaweza kugonga pistoni.

Kosa hilo mara nyingi linatokana na kuukaba mkono wa gia kwa ngumi na kuuvuta kwa hasira. Fungua kiganja. Springi za giaboksi zinaurudisha mkono wa gia kwenye mstari wa ya tatu na ya nne zenyewe, kwa hiyo kutoka ya tatu, vuta moja kwa moja kwa vidole, usiuelekeze pembeni. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, sukuma kwa kiganja na uiache springi itafute mlango.

Njia ya tatu ni kuiachia mashine, iwe kwa vibonyezo vya nyuma ya usukani au otomatiki kabisa. Giaboksi ya klachi mbili inakuwa imeshaandaa gia inayofuata; klachi moja inashika wakati nyingine inaachia, na msukumo haukatiki. Huwezi kuishinda kwa mkono. Kosa lake pekee la kuangalia ni mahali inapobadilisha, kwani si kila mara kompyuta inachagua kama ungechagua wewe.

Na ubadilishie wapi? Wengi hujibu "mwisho wa nyekundu", na jibu hilo ni sahihi nusu. Kwa giaboksi yetu ileile, ukibadilisha kwenye 7,000, gia ya pili inakupokea kwenye 4,150 hivi, ya tatu kwenye 4,790, ya nne kwenye 5,380. Pengo la kwanza ni kubwa, kwa hiyo gia ya kwanza inafaa kuvutwa hadi karibu na mwisho, hata kama nguvu imeanza kupungua, maana chini unakoangukia kuna upungufu zaidi. Pengo la mwisho ni dogo. Injini ambayo kilele cha nguvu yake kiko, tuseme, 6,200 na inachoka haraka baada ya hapo, inaweza kupata faida ukitoka gia ya tatu mapema kidogo. Jaribu kwa kushuka mizunguko 200 kila mara, na usome spidi ya mwisho, si sekunde tu. Mchomoko mzuri au mbaya unaweza kuficha faida ya gia.

Kwa hali yako

Kama gari ni la kazini pia na kesho asubuhi unalihitaji, klachi ya mguu iteleze kwa mizunguko ya wastani, gia uzibadilishe kwa kuachia mafuta, na utafute muda wako kwenye upepo wa matairi na mahali pa kubadilishia. Hivyo viwili havivunji kitu.

Kama unatafuta namba ndogo kabisa kwa siku moja, na gari lina kidhibiti cha kompyuta, kitumie, lipumzishe gari kati ya mbio, na kama mizunguko inapangika, ipandishe kidogokidogo mpaka matairi yaanze kulalamika.

Kama unashindana kwa kutabiri muda, ambapo kila dereva anataja sekunde zake kabla, wa polepole anatangulizwa, na anayekimbia haraka kuliko alivyotaja anapoteza, sahau kasi ya juu kabisa. Otomatiki yenye breki na mafuta, au transbreki kama gari limejengwa, itakupa mbio zinazofanana. Mwenye klachi ya mguu anaweza kushinda hapo pia, ila kizuizi cha mizunguko kitamsaidia kuliko nguvu za ziada.

Kama unakutana na mpinzani moja kwa moja, wa kwanza kufika ndiye mshindi, hesabu muda wa kuitikia taa pamoja na sekunde. Kwenye mti wa taa, yaani nguzo ya taa za kuanzishia mbio, ambao njano zake zinafuatana kwa nusu sekunde, watu huondoka kwa njano ya mwisho, si kwa kijani. Ukiwa na kidhibiti chenye kuchelewa, achia breki mapema zaidi ya rafiki yako wa klachi. Kwenye mti ambao njano zote huwaka pamoja na kijani kufuata baada ya 0.4, hesabu hiyo inaanza upya.

Na kama lengo lako ni kuwa dereva bora kuliko kuwa na karatasi bora, kaa na klachi ya mguu msimu mzima kwenye njia rasmi yenye saa. Andika mizunguko ya kuondokea, upepo wa matairi, joto la hewa na futi 60 kwa kila mbio, na gia usizipige bila kuachia mafuta mpaka futi 60 zako zianze kufanana.